Mwaka Tuliochagua Paka Mangobo

Siku ya pili ya matanga ya Mama Leki, walinipa kipaza sauti niseme neno kwa niaba ya familia. Waliotangulia walikuwa wamesema vizuri. Mmoja alisifu sala zake, mwingine akasifu biashara yake ya samaki, wa tatu alilia tu mpaka akashikwa mkono na kurudishwa kwenye kiti. Mimi nikasimama, mwanamke mwenye wajukuu, mwalimu mstaafu, miwani puani, nikatangaza kwamba nitasimulia habari za paka wawili. Chini ya turubai watu walitazamana. Mama mmoja nyuma alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Masikini, huzuni imemupanda ku kichwa." Lakini wenye umri wangu, wale waliokulia mtaani kwetu Mangobo, Kisangani, walianza kucheka kabla sijafika popote, maana paka wale waliwakumbuka. Nilisema maneno machache, kama inavyofaa msibani, nikaketi. Nikiwa juu ya pikipiki ya kunirudisha nyumbani, nilijua kwamba sikusema hata nusu. Hapa nataka kuisema yote, polepole, na sitajifanya mnyenyekevu. Ninajivunia mwaka ule. Ninamjivunia Mama Leki kupita ninavyoweza kueleza, na kwa sehemu fulani, ndiyo, ninajivunia nafsi yangu.

Mama Leki alikuwa mdogo wa mama yangu, na nilikaa kwake nikiwa na miaka kumi na saba, katika darasa la mwisho la sekondari. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na depo. Naitaja depo peke yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa kichwa cha nyumba, vyumba vingine vilifuata tu. Ilikuwa chumba cha matofali kisicho na dirisha, mlango wake wa mbao umelika chini, na ndani vilipangwa vitunga vya samaki wa moshi waliopandishwa kwa mto kutoka Isangi na Yanonge. Harufu yake ilikaa kwenye sare yangu, kwenye nywele, kwenye madaftari, na wenzangu darasani walijua nimefika kabla hawajaniona. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mama Leki na mume wake, Tonton Salumu, mtu wa Kasongo aliyefanya kazi ya kupakia mizigo ya ndege katika uwanja wa Bangboka. Cha pili kilikuwa cha Bibi, mama yake Tonton, pamoja na mkeka wake wa sala na redio ndogo aliyoizima kila mara habari zilipomuudhi. Cha tatu kilikuwa sebule mchana na chumba changu usiku. Mama Leki alikwenda misa Jumapili, Tonton alikwenda msikitini Ijumaa, na sufuria ilikuwa moja. Leo watu huniuliza tuliwezaje, nami huwaambia kwamba wakati ule hakuna aliyetuambia kuwa ni jambo gumu.

Ukuta kati ya sebule na chumba cha Mama Leki haukufika juu, kwa hiyo nilisikia mengi ambayo hayakunihusu, na siku moja nikasikia yaliyonihusu. Ilikuwa jioni, nimefungua daftari la kemia, sahani za sombe, majani ya muhogo, bado hazijaoshwa.

"Panya zinatumaliza," Mama Leki alisema. "Kitunga ya Yanonge, nusu yote imekatwa-katwa. Nani atanunua samaki yenye panya zimeshaonja?"

"Weka sumu," Tonton alijibu.

"Sumu ndani ya chakula ya batu? We Salumu, unataka nikufe ku gereza?" Nikasikia kitanda kikilia. "Bon. Kama iko vile mpaka mvua inaisha, nafunga depo. Na kama nafunga depo, Jojo atarudia Isangi. Masomo yake inatoka mule mule ku samaki, haina fasi ingine."

Jojo ndiye mimi. Nililitazama daftari langu lakini sikuona tena kilichoandikwa. Isangi, kwetu, nilikuwa naipenda, na naipenda hadi leo, lakini kurudi Isangi mwaka ule kulikuwa na maana moja tu: kukaa mbele ya moto wa kukausha samaki na kusubiri mwanamume wa kunioa, huku mtihani wa taifa ukifanywa na wengine. Tayari nilikuwa nimeanza kukosa masomo. Kila panya walipoingia kwenye kitunga ilibidi nitoe samaki wote nje, nichague, nianike, nipange upya, na kazi ile ilikula asubuhi nzima. Mwalimu wa kemia aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ndiyo, maana kusema kwamba nashindwa na panya kuliniuma zaidi.

Siku chache baadaye Tonton alirudi kutoka Bangboka juu ya toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, akiwa amekumbatia vikapu viwili vyenye mifuniko. Mwendesha baiskeli alikuwa amejaa jasho na hasira, akisema kwamba kama angejua kinachobebwa angekataa safari. Tonton aliviweka vikapu katikati ya sebule akatupa habari yake. Mama mmoja mzungu alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, akafika uwanjani na paka wake wawili, na wenye ndege wakakataa wanyama. Alilia pale pale mbele ya ngazi ya ndege mpaka Tonton akashindwa kuvumilia, akavipokea vikapu. Yule mama, kabla ya kupanda, alimfundisha majina ya makabila yao kana kwamba anamkabidhi watoto: huyu ni persan, huyu ni siamois. Mkubwa wa Tonton kazini, tuliyemwita Chef kama alivyoitwa na kila mtu, alikuwa amesimama karibu naye akawapenda. Wakapatana kwamba Tonton achague mmoja kwa sababu ndiye aliyekubali kuwabeba, na Jumapili ya wiki iliyofuata Chef angekuja na gari kumchukua atakayebaki.

"Salumu," Mama Leki alisema, amejibandika ukutani, "uliona wapi mutu wa samaki anafuga paka? Ni kusema unamupatia mwizi kazi ya sentinelle, achunge depo?"

Lazima nieleze kwamba kwetu mtoni paka hafugwi. Kuna wanaomla na kuna wanaomwogopa, na mara nyingine ni mtu yule yule. Bibi, kinyume chake, alikuwa ameshachuchumaa mbele ya vikapu. "Paka ni mnyama safi," alisema kwa kile Kiswahili chake cha Maniema ambacho yeye alikiona ndicho cha kweli na chetu kuwa takataka. "Huyu anaweza kukanyaga mkeka wangu, na miye nikasali juu yake. Nyie watu wa mtoni mnajua nini?"

Kutoka kikapu cha kwanza alitoka persan. Sikuwa nimewahi kuona mnyama wa namna ile. Manyoya ya kijivu yalimshuka mpaka chini hata miguu haikuonekana, uso umebanwa, pua imerudi ndani, macho rangi ya mawese. Alitembea hatua nne, akatuangalia mmoja mmoja, akapanda kwenye kiti cha Tonton na kulala. Tonton alipiga makofi. "Muone! Tumbo iko, kimya iko, kiti ya mukubwa amekamata bila kuuliza. Huyu ni Ministre, waziri mwenyewe." Jina likabaki. Kutoka kikapu cha pili alitoka siamois, jike mwembamba wa rangi ya maziwa, na uso, masikio, miguu na mkia vyeusi, utadhani alikuwa amechovywa kwenye kahawa. Macho yake yalikuwa ya buluu. Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, ndefu, yenye malalamiko, isiyo na aibu. Mama Leki alifanya ishara ya msalaba. Kabla jua halijatua, yule naye alikuwa na jina: Kelele.

Majaribio aliyapanga Mama Leki mwenyewe, na aliyapanga kwa akili ya watu wetu. Mbwa wa kuwinda, kwetu, halishwi siku ya kuingia msituni. Ukimpa chakula asubuhi atalala chini ya mti wa kwanza. Ukimwacha na njaa atakuletea mnyama. Kila mtu wa mtoni anajua hivyo, na nilikua nikiyaona hayo kwa macho yangu, kwa hiyo sikushangaa alipotangaza kwamba hakuna paka atakayeonja kitu ila maji siku ya zamu yake, na kwamba wataingia depo kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Bibi alifungua mdomo apinge. Mama Leki akamwambia kwa heshima, lakini bila kumpa nafasi, "Mama, kwa mukeka ni weye. Kwa samaki, uniachie."

Ministre ndiye aliyeanza. Asubuhi nilimkuta amelala juu ya kitunga cha juu kabisa, na kwenye kitunga cha jirani panya walikuwa wamekula kama wageni wa harusi. Samaki hakuwagusa. Alitoka, akapiga chafya kwa ajili ya moshi ulioganda ndani mle, akarudi kwenye kiti chake. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Kelele, na asubuhi yake tulikuta mboto mzima amebaki kichwa. Panya hata mmoja hakuuawa. Mama Leki alikishika kile kichwa cha samaki kwa vidole viwili na kukionyesha kila mtu nyumbani, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Tonton alifurahi kupita kiasi. Kwake jambo lilikuwa limekwisha: mmoja mwaminifu, mwingine mwizi.

Na mtaa wote ulikuwa upande wake. Habari za Ministre zilienea mpaka barabara kubwa. Watoto walipanga mstari kwenye mlango wa parsele, kiwanja cha nyumba yetu, wamwone, wateja wa samaki waliomba waingie sebuleni kidogo tu, na mwalimu mmoja alikuja akakaa nusu saa akimtazama, akasema kuwa ndiyo mara ya kwanza amemwona mnyama mwenye heshima zake. Tonton alianza kurudi mapema kutoka kazini ili awepo wakati wageni wanapofika. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Nilimchana Ministre kwa kitana changu mwenyewe. Nilipofungua madaftari alikuja akalala juu ya ukurasa nilioutaka, nami nikasubiri ainuke, nikihisi joto lake kwenye mkono, na nilijiona msichana mwenye bahati kuliko wote Kisangani nzima. Nilimpenda, sina njia nyingine ya kusema.

Kelele hakupendwa na mtu. Alilia alipoamka, alilia alipoingia chumba kitupu, alilia mbele ya ukuta. Katika nyumba ya jirani alikaa mama mmoja aliyeuza mkate asubuhi na habari mchana, nitamwita Mama Angèle, na asubuhi moja nikiwa kwenye foleni ya robinet, bomba la maji la mtaa, nilimsikia mbele yangu akizungumza na wenzake. Hakujua kwamba nipo, au alijua.

"Ile si paka. Paka analia nyau. Ile inalia sawa mutoto, na macho ya buluu. Alors mi nauliza tu, mi sisemi kitu: ile mutoto mwanamuke wa Isangi aliingia kule wakati gani? Na panya zilianza wakati gani? Batu ya Mungu, muone benyewe."

Wenzake waliguna. Mimi nilisimama na ndoo yangu tupu. Mtu asiyejua mji wetu anaweza kudhani ni porojo za robinet tu. Lakini neno la uchawi likimpata msichana anayelelewa kwa ndugu, halimtoki kirahisi. Niliwajua wasichana wawili waliorudishwa kijijini kwa sababu ndogo kuliko ile. Panya wangeweza kunirudisha Isangi, na sasa paka wa kuwaua angeweza kunirudisha vile vile. Nilijaza ndoo, nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu.

Kisha, katika zamu ya pili ya Kelele, jambo likatokea. Nilifungua depo asubuhi nikakuta panya wanne wakubwa wamelazwa mbele ya mlango, vichwa upande mmoja, wamepangwa kama ninavyopanga samaki mimi. Kitunga hata kimoja hakikuguswa. Kelele alikaa pembeni akijisafisha mguu, na aliponiona alilia sana. Mama Leki alikuja, akatazama, akasema ni bahati. Ikaonekana kweli ni bahati, maana zamu ya tatu Kelele alikula samaki tena, safari hii mkia ndio uliobaki, na panya wakafanya walivyotaka.

Jambo hilo lilinisumbua. Katika somo la kemia walitufundisha kwamba vitu vile vile vikitoa majibu mawili tofauti, kuna kitu umekisahau. Nilikaa barazani nikichagua samaki na kujiuliza ni kitu gani. Usiku wa panya wanne ulikuwa wa Ijumaa, Bibi alikuwa amepika wali wa mawese anaoupika Ijumaa tu. Siku ya wizi wa pili, Bibi alikuwa ameshinda kwa ndugu zake ng'ambo ya pili ya mto. Niliinuka, nikaingia chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani, redio mkononi, na Kelele mapajani, amefumba macho, na kwenye sharubu zake punje moja ya wali.

"Bibi," nilisema.

"Umeshamwambia mama yako?"

"Bado."

"Basi usimwambie." Aliifuta ile punje kwa ukucha. "Zamu ya kwanza nilivumilia. Ningelalaje tena, na mnyama ana njaa nyumbani kwangu? Mungu ataniuliza miye, hatamuuliza yeye. Kwetu Kasongo paka anakula kwanza, halafu anafanya kazi. Nyie mnamfanya mbwa."

Nilichukua mkono wake nikaubusu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya, na Bibi akanitazama kana kwamba ni mimi sasa niliyelia kama Kelele. Zilizobaki kabla ya Jumapili zilikuwa zamu chache tu. Nilimlisha kila mmoja mwenyewe, kwa siri, wali na vichwa vya samaki wabichi, kabla ya kuwafungia. Ministre aliyeshiba alilala vizuri zaidi kuliko Ministre mwenye njaa, hiyo ndiyo tofauti pekee. Kelele aliyeshiba aliniwekea panya mlangoni, na samaki hakuwatazama.

Jumapili ile baada ya misa tulikula lituma, ndizi zilizopondwa na mawese, pamoja na samaki wa kuchoma katika majani. Mama Leki alipika vile siku za mambo makubwa. Tulikaa sebuleni, Ministre kwenye kiti, Kelele chini ya meza, na Chef alitarajiwa mchana. Tonton alianza. Alisema kwamba nyumba inajulikana kwa kile kinachokaa ndani yake, kwamba tangu Ministre aje hata watu wasiomsalimia walianza kumsalimia, na kwamba Chef mwenyewe, mtu aliyeona miji, alikuwa anaomba Mungu tuchague mwingine. "Sasa mutu anaacha kitu yenye mukubwa wake anataka? Hapana." Bibi alisema paka ni paka, na akaongeza mchuzi. Mama Leki alifuta vidole, akanigeukia.

"Jojo. Ku depo ni weye unaingia. Sema."

Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Katika nyumba zetu msichana wa umri wangu alipakua, akaondoa sahani, na alisikia. Kusema, mezani, mbele ya mume wa mama yake mdogo na mama wa mume huyo, lilikuwa jambo ambalo sikuwa nimeliona. Nikaanza na mbwa, kwa sababu nilijua Mama Leki angenifuata kuanzia hapo.

"Mama, mbwa anawinda juu ya kupata chakula. Kelele anawinda juu ya kupenda kuwinda. Kama tunamunyima chakula, anatafuta chakula. Na chakula iko pale pale mbele yake, imejaa kitunga. Siku yenye alikula kwanza, hakugusa samaki. Aliua panya tu."

"Alikula kwanza?" Mama Leki aliweka tonge chini. "Nani alimulisha?"

Tonton alitazama dari. Bibi alizungusha mfupa kwenye sahani yake, upande huu, upande ule, kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Miye." Tonton ndiye aliyecheka kwanza, halafu Mama Leki, akijaribu kujizuia na kushindwa, na Bibi akasema tucheke tu, panya ndio wasiocheka.

Nilijua kwamba kama sitasema sasa, kicheko kitanipa sababu ya kunyamaza. "Mi nachagua Kelele abakie. Ministre hapumui muzuri mule ndani ya moshi, pua yake iko fupi, na manyoya ile na joto ya huku atateseka. Kwa Chef kuko ventilateur ya kuleta upepo, kuko sakafu ya sima, baridi. Atakuwa muzuri kule." Sauti iliniponyoka kidogo, maana Ministre alikuwa ameamka na ananitazama. "Na iko kitu ingine. Ku robinet banasema Kelele ni ya uchawi. Banasema ni mi nilimuleta, na panya pia. Nilisikia na masikio yangu. Donc mama, kama tunabaki naye, batasema zaidi. Mujue mbele."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Leki alinitazama kwa muda mrefu. Nina umri mkubwa kuliko wake wa siku ile, nimetazamwa na wakaguzi, na maaskofu, na mawaziri wa kweli, na hakuna aliyenitazama namna ile.

"Unajua vile banasema," aliuliza polepole, "na unapenda Ministre, mi nakuona kila siku unamuchana. Na bado unachagua Kelele?"

"Ndiyo, mama. Nataka depo ibakie."

Hakuuliza kwa nini. Aligeuka kwa Tonton, akasema, "Salumu, umesikia. Ni yeye amechagua." Tonton alimtazama Ministre, akanitazama, akashusha pumzi, na naandika hili kwa heshima yake: hakusema hata neno moja la kupinga, siku ile wala baadaye.

Chef alipofika na gari, nusu ya mtaa ilikuwa mlangoni, na Mama Angèle alikuwa mbele kabisa. Nilimbeba Ministre mwenyewe mpaka kwenye kiti cha nyuma. Nililia, na sikujificha. Chef aliahidi kumpa chumba chenye ventilateur, na ahadi hiyo aliitimiza. Tonton alileta habari za Ministre miaka mingi, jinsi alivyonenepa na jinsi wageni wa Chef walivyosimama mbele yake kwa heshima. Gari lilipotaka kuondoka, Mama Angèle alipaza sauti, akijifanya anamwambia Chef.

"Chef, mumekosa! Mungebeba ile ingine, yenye kulia. Na yule mwenye kuileta, pia, mumurudishe kwabo."

Niliona Tonton anaangalia viatu vyake. Mama Leki alikuwa nyuma yangu, nikasikia anavuta hewa, nikasubiri maneno makali, kwa sababu ulimi alikuwa nao na mtaa ulijua. Alinishika bega, akaniingiza ndani, akafunga mlango. Nilitumia jioni ile nikiamini kwamba nimeshindwa, kwamba ameanza kufikiri, na kwamba asubuhi ataniambia nifunge mzigo.

Asubuhi ya Jumatatu alinikuta natoa vitunga vya depo nje, kwa mazoea. "Rudisha," alisema. "Depo iko na mwenye kuichunga. Vaa sare." Nilipotoka na madaftari yangu, alikuwa ananingojea uani, amevaa pagne, kitenge chake cha misa, kilemba cha misa, viatu vya misa, na mikononi, amemkumbatia kifuani, alikuwa na Kelele. Mama Leki, ambaye siku zote zile hakuwa amemgusa paka hata kwa fimbo. Nilimwuliza tunakwenda wapi. "Ku masomo," alijibu. "Ninakusindikiza."

Kulikuwa na njia ya nyuma, fupi. Hakuishika. Tulipita barabarani, mbele ya nyumba zote, polepole, saa ile ambayo kila mtu yuko nje anafagia, anauza mikate, anapanga foleni kwenye robinet. Kelele alilia njia nzima kwa nguvu zake zote, na Mama Leki hakumnyamazisha. Alimsalimia kila mtu kwa jina lake. Tulipofika kwa Mama Angèle na beseni lake la mikate, alisimama kabisa.

"Mbote, Mama Angèle. Mulilala muzuri? Huyu ni Kelele, ni ya depo yetu. Na huyu ni Jojo, mutoto wangu. Anaenda kusoma. Mwaka huu anamaliza."

Mama Angèle alisema mbote. Wale wa kwenye robinet nao walisema mbote, mmoja mmoja. Mama Leki alingoja mpaka wa mwisho aitikie, ndipo akaanza tena kutembea. Makucha ya Kelele yalikuwa yamezama mkononi mwake. Niliyaona mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa upande ule. Sauti ya Mama Leki haikutetemeka hata kidogo.